Ndege kuukuu kwenye upepo wa chumvi

Mlingotini, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kusini kidogo mwa mji wa Bagamoyo, mtu hahitaji kuelezwa maana ya kumiliki chombo. Mwenye mashua huipandisha mchangani maji ya bamvua yakijaa, akaikwangua tumbo, akaitia kalafati kwenye maungio, akang'oa misumari iliyoliwa na kutu na kupigilia mipya, kisha akairudisha majini akijua kwamba baada ya miezi michache kazi itaanza upya. Fedha ya kununulia mashua hutoka mara moja. Ya kuitunza haikomi kutoka.

Habari ya ndege ndogo ya zamani ni hiyo hiyo, ila fundi wake haishi jirani na kosa lake hulipwa angani.

Juu ya ghuba ya Mlingotini, ile iliyokingwa na ulimi wa mchanga wa Ras Luale, mlio wa ndege ndogo umezoeleka. Hupita zinazotoka Dar es Salaam kuelekea Saadani na Tanga, na nyingine hukata bahari kwenda Unguja, ambayo kutoka ufuko wa Bagamoyo haizidi mwendo wa dakika chache za kuruka. Nyingi zinazobeba abiria siku hizi ni Cessna Caravan, yenye injini ya aina ya jeti inayozungusha propela na kunywa mafuta yale yale ya ndege kubwa. Makala haya yanahusu kizazi kilichozitangulia: ndege za injini moja ya pistoni, zenye viti viwili hadi sita, zilizoundwa kati ya miaka ya 1920 na 1970, ambazo bado zinauzwa, zinanunuliwa na, zikipata matunzo, zinaruka vizuri.

Kinachowavuta wanunuzi wapya ni bei. Chukua Cessna 172, ndege ya viti vinne yenye bawa juu ya kichwa cha rubani. Ilianza kuuzwa mwaka 1956, na hadi leo zimeundwa zaidi ya 44,000, idadi ambayo hakuna ndege nyingine duniani iliyoifikia. Iliyotengenezwa miaka ya 1960 huweza kununuliwa Marekani kwa fedha zisizofika bei ya Land Cruiser mpya inayoshushwa bandarini Dar es Salaam. Mtu mwenye biashara yake, mwenye leseni ya rubani mfukoni na ndoto ya tangu utotoni, akipiga hesabu hiyo huona jambo linawezekana. Hesabu hiyo ni sahihi. Haijakamilika tu, kwa sababu bei ya ndege kuukuu ni kiingilio, na mchezo wenyewe unaanza baada ya kuketi.

Kwanza ni karatasi. Ndege yenye historia safi huja na madaftari matatu: la mwili, la injini na la propela. Humo huandikwa kila saa iliyorushwa, kila mafuta yaliyomwagwa na kujazwa upya, kila kipuri kilichobadilishwa, na chini yake saini ya mhandisi pamoja na namba ya leseni yake. Anayeuza anaweza kupaka rangi mpya kwa wiki moja; madaftari ya miaka 60 hayawezi kutengenezwa upya. Pengo la miaka mitatu ndani ya daftari la injini ni habari mbaya kuliko rangi iliyobabuka, na mnunuzi makini huyasoma madaftari kabla hajaigusa ndege.

Baada ya karatasi ni fundi, na fundi huyo awe wa mnunuzi, asiwe wa muuzaji. Atatia hewa ya mgandamizo wa pauni 80 kwa kila inchi ya mraba ndani ya kila silinda, kisha atatazama kwenye kipimo cha pili ni kiasi gani kimebaki bila kuvuja. Ikisoma 75, silinda ina afya. Ikishuka kuelekea 60, maswali yanaanza: valvu imechoka, au ringi za pistoni zimekwisha? Atapitisha kamera nyembamba kupitia tundu la plagi kuona hali ya ndani. Atafungua vifuniko vya chini ya sakafu, mahali ambapo unyevu hujikusanya na ambapo muuzaji hakupaka rangi. Kazi hii huchukua siku nzima, wakati mwingine mbili, na fedha yake haipotei hata kama mwisho wake ni kukataa kununua. Hasa kama mwisho wake ni kukataa.

Pwani hii ilianza kuwafunza marubani somo la matunzo mapema mno, wakati ndege yenyewe ilikuwa bado kitu kipya duniani. Novemba 1914, Waingereza walimleta rubani wa kiraia kutoka Durban, H. D. Cutler, na ndege yake ya Curtiss inayoelea majini, ili aitafute manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha ndani ya delta ya Rufiji. Cutler aliiona. Lakini rejeta ya injini yake haikuhimili, na hakukuwa na spea karibu; ilibidi ifungwe rejeta ya gari la Ford iliyotafutwa Mombasa. Desemba mwaka huo huo injini ilimgomea juu ya delta, akalazimika kutua majini na kukamatwa na Wajerumani.

Walioletwa baada yake, mapema mwaka 1915, walikuja na ndege za Sopwith zilizokita kambi kwenye kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia. Joto na unyevu viliziharibu kabla adui hajazifikia. Mbao zilijipinda, gundi ya propela ikalainika na kuachia, na injini zikashindwa kunyanyua uzito ambao Ulaya zingeunyanyua bila shida. Ilibidi zije ndege nyingine, kiwanja kifyekwe Mafia, na ndipo, Julai 11, 1915, marubani waliokuwa wakiangalia kutoka angani mahali makombora yanapoangukia walipoiwezesha meli ya kivita kuimaliza Königsberg. Mtu akitaka kujua kwa nini ndege ya mbao haipendi mwambao wa Afrika Mashariki, ushahidi ulikusanywa hapo, zaidi ya karne moja iliyopita.

Umiliki wa ndege binafsi ulifuata miaka ya 1920, na kitovu chake kilikuwa Nairobi. Klabu ya marubani wa Afrika Mashariki ilianzishwa huko mwaka 1927. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson na rubani Tom Campbell Black wakaanzisha Wilson Airways kwa ndege moja ya Gipsy Moth. Jina la mama huyo ndilo linalobebwa na Uwanja wa Wilson hadi leo. Gipsy Moth ilikuwa ndege ya mtu binafsi kwa maana kamili: mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, injini ya silinda nne inayopozwa kwa hewa, viti viwili vilivyo wazi kwa upepo, na mabawa yanayokunjwa nyuma ili ndege ilale ndani ya banda la gari. Fremu yake ni mbao, ngozi yake ni kitambaa.

Miongoni mwa walioinunua alikuwa Denys Finch Hatton, mwindaji wa Kiingereza aliyeishi Kenya. Mwaka 1930 alinunua yake Uingereza, akaipakia melini hadi Mombasa, na kuanzia hapo akawa anaitumia kuwatafuta tembo kutoka juu. Alikuwa na nyumba pwani, Takaungu, kaskazini mwa Mombasa. Mei 1931 aliruka kwenda huko, na wakati wa kutua kipande cha tumbawe kikaipiga propela na kuivunja. Kilichofuata ndicho kilichomkuta kila mwenye ndege wa zama zile aliye mbali na karakana: kupeleka simu ya maandishi Nairobi, kuomba propela nyingine, na kukaa kuisubiri. Propela ilikuja, ikafungwa, akaondoka. Mei 14, akiruka kutoka Voi, ndege ilianguka mara tu baada ya kuacha ardhi na kuwaka moto. Alikufa yeye na mtumishi wake, Kamau, ambaye vitabu vingi vimemtaja kwa jina moja tu na kuendelea na habari za bwana wake.

Tumbawe lile la Takaungu ni lile lile lililojengewa misikiti ya kale ya Kaole, si mbali na Mlingotini. Viwanja vya ndege vya mwambao vingi ni vya changarawe, mchanga au majani, na propela inayozunguka karibu na ardhi huvuta kila kijiwe. Ndiyo maana mwenye ndege anayejua kazi yake hupapasa ncha za propela kwa vidole kila kabla ya safari. Mkato mdogo kwenye propela ya chuma, usiozidi ukubwa wa ukucha, unaweza kukua na kuwa ufa. Ufa ukikata ncha ya propela angani, mtikisiko unaweza kuing'oa injini kwenye vishikizo vyake. Mhandisi huupiga tupa mkato huo mpaka uwe laini, kwa vipimo vilivyoandikwa na mtengenezaji. Ni kazi ya dakika kumi inayookoa maisha.

Sasa chumvi. Upepo wa kusi unaovuma kuanzia Aprili hadi Oktoba hutoka baharini ukiwa umebeba matone madogo mno ya maji ya bahari, na hata kaskazi ya Desemba hadi Machi huja na unyevu wake. Chumvi hiyo hutua juu ya alumini, hupenya kwenye maungio ya mabati yaliyopigwa ribiti, na huvuta unyevu kutoka hewani usiku kucha. Kutu ya alumini haina rangi nyekundu inayomshtua mtu. Huanza kama unga mweupe, au kama nyuzi nyembamba zinazotambaa chini ya rangi, na mara nyingi hula kutoka ndani. Cessna nyingi za zamani zilitoka kiwandani bila kupakwa rangi ya kinga upande wa ndani wa bati, jambo ambalo halikumsumbua mtu katika nyanda kavu za Kansas zilikoundwa.

Dawa yake inajulikana na haina siri: kuosha ndege kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya kuruka karibu na bahari, kukausha, kupulizia ndani ya mabawa na mkia mafuta maalumu yanayopenya kwenye maungio na kuzuia kutu, na kurudia upulizaji huo kila mwaka au miaka miwili. Zaidi ya yote ni banda. Ndege inayolala nje Bagamoyo na ndege hiyo hiyo inayolala ndani ya banda Dodoma zitazeeka kwa mwendo usiofanana kabisa, hata zikiruka saa sawasawa.

Ndege za mbao na kitambaa zina hofu yake tofauti. Gundi iliyotumika katika ndege nyingi za kabla ya Vita ya Pili ya Dunia ilitokana na maziwa, na gundi hiyo ikipata unyevu wa kudumu hugeuka kuwa chakula cha ukungu. Jeshi la anga la Uingereza lilihofia tatizo la namna hii mwaka 1944, wakati ndege zake za mbao aina ya Mosquito zilipoanza kuachia maungio huko India; mwanzoni gundi na hali ya hewa vilishukiwa, ingawa uchunguzi wa baadaye ulilaumu zaidi kasoro za uundaji. Kitambaa nacho huuawa na jua. Kitani na pamba vya zamani hudumu miaka michache tu vikiwa nje. Kitambaa cha poliesta kilichoenea tangu miaka ya 1960 hudumu zaidi, mradi chini ya rangi yake kuna tabaka la unga wa alumini linalozuia mionzi. Mhandisi hukipima kwa kukibonyeza na kifaa chenye springi. Kikitoboka mapema, ndege nzima inavuliwa nguo na kuvishwa mpya, kazi ya miezi.

Wenye ndege wapya hudhani injini huchoka kwa kuruka. Ukweli ulio karibu zaidi na karakana ni kwamba injini za pwani hufa kwa kukaa. Katika injini za Lycoming zilizofungwa kwenye Cessna na Piper nyingi, kemshafti iko juu. Injini ikizimwa, mafuta hutiririka chini na kuiacha tupu. Wiki tatu za unyevu wa masika zinatosha kuipa madoa ya kutu. Injini ikiwashwa tena, madoa hayo husaga na kusagwa, na vipande vya chuma huanza kuonekana kwenye chujio. Lycoming yenyewe inaweka kikomo cha saa 2,000 kabla ya injini nyingi za aina hiyo kufunguliwa na kujengwa upya, lakini inaongeza kikomo cha pili ambacho wanunuzi husahau: miaka 12, hata kama saa hazijatimia. Injini iliyoruka saa 300 ndani ya miaka 20, ambayo tangazo litaisifu kuwa haijatumika, inastahili kuogopwa.

Kinachotakiwa ni kuruka mara kwa mara, angalau kila baada ya wiki moja au mbili, kwa muda wa kutosha mafuta yapate joto la karibu nyuzi 80 na kufukuza maji yaliyomo. Kuwasha injini ardhini kwa dakika kumi na kuizima hakusaidii. Huongeza maji ndani yake. Mafuta hubadilishwa kila saa 50 ikiwa kuna chujio kamili, kila saa 25 ikiwa injini ya zamani ina wavu tu, au kila miezi minne kama saa hizo hazijafika. Chujio la zamani halitupwi mpaka likatwe na kukunjuliwa, na karatasi yake itazamwe juani kama ina chembe zinazong'aa.

Hapo ndipo ushirika unapokuwa na maana kuliko mtu mmoja kumiliki peke yake. Watu watatu hadi watano wanaogawana ndege moja hugawana pia banda, bima na ukaguzi wa mwaka, na kwa kuwa kila mmoja ana hamu ya kuruka, injini haipati nafasi ya kulala. Mkataba uandikwe kabla ya ndege kununuliwa: nani anaruka siku za sikukuu, nani analipa tairi lililopasuka mkononi mwake, na anayetaka kujitoa anauza hisa yake kwa nani. Pwani ya Bagamoyo, ambako mitego na vyombo vimekuwa vikimilikiwa kwa ushirika vizazi na vizazi, jambo hili haliwezi kuwa geni.

Swali la mafuta linahitaji kukaa nalo kidogo, kwani ndilo linalowakwamisha wengi. Injini hizi za pistoni hutumia petroli ya ndege, yenye rangi ya buluu na kiasi cha madini ya risasi. Ndege nyingi za biashara zilipohamia kwenye injini za aina ya jeti, soko la petroli hiyo lilipungua Afrika nzima, na katika viwanja vingi haipo tena. Mahali pengine hufika kwa mapipa. Kinachopatikana kwa uhakika kwenye viwanja vikubwa vya Tanzania ni Jet A-1, ambayo ni jamaa ya mafuta ya taa. Injini ya petroli ikijazwa Jet A-1 kwa makosa huweza kuwaka kwa mafuta yaliyobaki kwenye mipira, ikabeba ndege hadi mwisho wa kiwanja, kisha ikafa muda mfupi baada ya kuruka. Kwa hiyo rubani husimama mwenyewe karibu na bawa wakati wa kujaza, anatazama rangi, ananusa.

Na maji. Tangi likiachwa limejaa nusu tu katika usiku wa unyevu, hewa iliyomo hupoa na kutoa matone ambayo huzama chini, kwani maji ni mazito kuliko petroli. Kila asubuhi mafuta kidogo hutolewa kwenye kikombe kidogo cha kioo kutoka sehemu ya chini kabisa ya tangi; maji yakiwepo yataonekana kama kipovu kinachotambaa chini ya buluu. Pipa linalokaa juani na mvuani nalo lichujwe kabla ya kumwagwa tangini. Wapo wamiliki, hasa Ulaya, waliotatua suala zima kwa kuvua injini ya zamani kwenye Cessna 172 na kufunga injini ya dizeli iliyoidhinishwa kutumia Jet A-1. Kwa Tanzania wazo hilo lina mantiki kubwa kuliko hata huko lilikoanzia, ingawa bei ya injini hiyo peke yake huweza kuzidi bei ya ndege.

Jambo moja huwashangaza marubani wageni wa mwambao: kabureta inaweza kuganda barafu Bagamoyo, mchana, watu wakiwa na fulana. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta, joto la hewa humo huweza kushuka kwa nyuzi 30. Hewa ya nyuzi 25 iliyojaa unyevu hushuka chini ya sifuri, barafu hujijenga kwenye njia ya hewa, na injini huanza kupoteza mizunguko taratibu bila mtikisiko wa kumshtua mtu. Hutokea zaidi rubani anapopunguza nguvu ili ateremke. Mkono wa kupeleka hewa ya moto kwenye kabureta upo kwenye dashibodi ya kila ndege ya aina hiyo, na unapaswa kuvutwa mapema.

Pwani ina fadhila yake pia, na isinyimwe haki. Uwanja wa Wilson uko takribani mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabochaja hupoteza huko karibu moja ya sita ya nguvu zake. Karibu na bahari, ndege kuukuu hupata pumzi yake yote. Hupaa kwa umbali mfupi zaidi na hunyanyua mzigo ambao Nairobi au Arusha ingeukataa.

Upande wa sheria, ndege iliyosajiliwa Tanzania hubeba herufi zinazoanza na 5H, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Bila cheti cha ustahiki wa kuruka kilicho hai, ndege haitoki bandani. Ukaguzi mkubwa hufanywa kila mwaka, na kwa ndege zinazofanya kazi, kila saa 100, na mwenye kutia saini lazima awe mhandisi wa ndege mwenye leseni inayotambuliwa. Fundi wa magari, hata awe hodari kiasi gani na hata injini ionekane ya kawaida kwake, hana ruhusa hiyo. Kila kipuri huja na cheti chake. Boliti isiyo na karatasi haifungwi, hata kama inafanana na ile iliyotoka kama pacha. Wanaoona urasimu hapo wafikirie kwamba boliti moja ya usukani wa mkia haina mbadala wake angani.

Wahandisi wenyewe ni wachache kuliko mahitaji, na wenye kujua kabureta, magneto na kitambaa ni wachache zaidi, kwani mafunzo ya sasa yameelekezwa kwenye ndege za kisasa. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Kinachobaki ni vijana hao kupata mikono ya wazee waliokwisha kuzifungua injini hizi mara nyingi. Maarifa ya kusikiliza magneto inayochoka hayapatikani kwenye kitabu pekee. Hurithishwa mtu na mtu, mbele ya injini iliyo wazi, na mwenye ndege anayemruhusu kijana kumsaidia fundi wake wakati wa ukaguzi anafanya jambo kubwa kuliko anavyodhani.

Mfano bora wa mmiliki mpya wa ndege ya kale Afrika Mashariki uko Kenya. Gipsy Moth ya njano iliyoonekana kwenye filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985, yenye usajili wa G-AAMY, iliundwa mwaka 1929 kwa leseni ya kampuni ya de Havilland huko Lowell, Massachusetts. Mwaka 2013 ilipigwa mnada Paris, ikanunuliwa na Jochen Zeitz, aliyewahi kuiongoza kampuni ya Puma, na kurejeshwa Kenya, kwenye ranchi yake ya Segera, Laikipia. Hewa kavu ya nyanda za juu inaifaa mbao na kitambaa chake. Ingeletwa Bagamoyo, ingehitaji banda lenye kuta nne na sakafu ya zege, mlango unaofungwa upepo wa kusi ukianza, na mtu wa kuitazama kila siku.

Si kila mtu anahitaji Gipsy Moth. Mwenye kuanza kwenye mwambao huu atafanya busara akitafuta ndege ya chuma iliyoundwa kwa wingi, ambayo spea zake zinatengenezwa hadi leo na ambayo mhandisi wa Dar es Salaam au Arusha ameshawahi kuifungua. Cessna 172 ni hiyo. Piper Super Cub ya viti viwili, iliyoanza mwaka 1949 na kupendwa sana na walinzi wa wanyamapori wa Kenya, ni chaguo jingine, ingawa ina kitambaa, na gurudumu lake la tatu liko mkiani. Upepo wa mbavuni wa alasiri za kusi huipindua pua yake haraka, na rubani aliyezoea gurudumu la mbele lazima afunzwe upya na mwalimu kabla ya kuigusa peke yake. Dornier Do 27, ndege waliyoitumia mtaalamu wa wanyama Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhesabu wanyama wa Serengeti, yao ikiwa imepakwa milia ya pundamilia, ni nzuri kuitazama na hutua mahali padogo, lakini uundaji wake ulisimama miongo mingi iliyopita na spea zake husakwa nchi hadi nchi. Michael alikufa ndani ya ndege hiyo Januari 10, 1959, baada ya kugongana na tai, hatari ambayo hakuna karakana inayoweza kuiondoa.

Muda wa kupokea ndege nao uchaguliwe. Ikishushwa bandarini ndani ya kontena mwezi Machi, itaunganishwa na kusubiri vyeti huku masika ikinyesha, injini ikilala na unyevu ukifanya kazi yake. Ikipokelewa Juni, mvua zimekwisha, hewa ni ya baridi kidogo, na kuna miezi ya kiangazi ya kuirusha kila wiki, kugundua kasoro zake ndogo na kuzirekebisha kabla ya vuli. Ukaguzi wake wa kwanza wa mwaka utaangukia Juni nyingine, mara baada ya masika, wakati ule hasa ambapo mhandisi anahitaji kufungua vifuniko vya sakafu na kuona mvua na chumvi vimefanya nini.